MWALIMU WETU ANAKWENDA KUFUNDISHA ASIA: TUJUE NINI KABLA HAJAPANDA NDEGE?



Somo la toleo hili linahusu jambo ambalo zamani hapa Muthara hakuna mtu angelifikiria. Wakati ule mwalimu mgeni alikuwa ni yule anayekuja kwetu. Wamisionari wa Consolata walifika Kenya mwaka wa 1902, na baada yao tukawaona masista, mabruda na vijana wa kujitolea kutoka Ulaya na Marekani wakifundisha hesabu na sayansi katika shule zetu. Tuliwacheka wakipambana na githeri, tukawafundisha kusalimia wazee, na tuseme ukweli, sokoni tuliwauzia ndizi kwa bei yao wenyewe. Sasa mambo yamegeuka. Mgeni ni mtoto wetu. Yeye ndiye anayechekwa na watoto wa darasa la tatu katika kijiji cha Thailand kwa sababu hajui kula wali wa kunata kwa vidole.

Katika mikutano ya vikundi vyetu swali hili limekuwa likirudi: "Kijana wangu amepata kazi ya kufundisha Kiingereza huko Asia, anadaiwa pesa za tikiti na makaratasi. Je, tuuze kipande cha shamba?" Wengine hawaulizi. Wanauza kwanza, halafu wanakuja ofisini. Kwa hiyo tumeona afadhali tuandike kwa urefu yale tuliyokusanya, maana swali ni moja na majibu ni mengi.

Kwa nini vijana wanataka kwenda

Sababu tunazijua, hatuna haja ya kuzunguka. Mtu amesoma digrii ya ualimu miaka minne, ana namba ya TSC, na bado anangoja. Mwaka wa 2023 waliochukuliwa kama waalimu wa kujifunza kazi katika shule za sekondari ya chini walianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya kukatwa chochote, na Mei 2024 wengi wao waligoma. Hapo tunazungumza juu ya aliyebahatika kuitwa. Mwingine anafundishia bodi ya shule kwa pesa za kununulia sabuni.

Halafu kuna miraa. Wazazi wengi wa Tigania na Igembe walisomesha watoto kwa miraa. Uholanzi ilipiga marufuku mwaka wa 2013, Uingereza ikafuata Juni 2014, na soko la Somalia likafungwa kutoka Machi 2020 mpaka Julai 2022. Kila soko likifungwa kuna karo ambayo haikulipwa na kuna kijana ambaye ameanza kuangalia matangazo ya kazi kwenye simu. Hatumlaumu. Tunachotaka ni aangalie akiwa macho.

Asia si kijiji kimoja

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtu anasema "kazi iko Asia" kana kwamba anasema "kazi iko Maua". Kila nchi ina mlango wake na ufunguo wake.

Tuanze na Korea Kusini, kwa maana inatajwa sana. Viza ya mwalimu wa Kiingereza huko inaitwa E-2, na hutolewa kwa watu wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya haimo. Unaweza kuwa umefundisha Kiingereza kidato cha nne miaka kumi na wanafunzi wako wakapita vizuri, lakini bado haimo. Sisi tunaona si haki, kwa sababu Kiingereza ndicho tulichofundishiwa tangu madarasa ya juu ya shule ya msingi. Lakini kuona si haki hakubadilishi kitu mbele ya dirisha la ubalozi.

China nayo kwa upande wa kufundisha Kiingereza inafuata karibu orodha ile ile: inataka mwenye lugha hiyo kama lugha ya kwanza, digrii, uzoefu wa miaka miwili na cheti cha polisi. Najua mtasema, "Lakini mtoto wa jirani alifundisha huko!" Ndiyo, wapo waliofundisha wakiwa na viza ya mwanafunzi au ya biashara. Sheria ya China ya kuingia na kutoka, iliyoanza kutumika Julai 2013, inasema anayefanya kazi bila kibali hutozwa faini ya yuan 5,000 mpaka 20,000, na kosa likiwa kubwa huwekwa kizuizini siku 5 mpaka 15. Halafu anaweza kurudishwa kwao. Tena mwaka wa 2021 serikali ya huko ilizuia vituo vya masomo ya ziada kufanya biashara ya masomo ya shule, na vituo vingi vya lugha vikafungwa. Na tusisahau Aprili 2020, wakati wa korona, ambapo Waafrika katika mji wa Guangzhou walifukuzwa katika nyumba walizopanga na mahotelini, wakalala nje, hata wale waliokuwa na makaratasi yote. Serikali za Afrika, yetu ikiwa mojawapo, zililalamika.

Mwenye digrii ya hesabu, fizikia au kemia ana njia nyingine, maana shule za kimataifa katika nchi nyingi za Asia huajiri kwa somo. Na kuna nafasi za kufundisha Kiswahili chenyewe! Vyuo vikuu vya Beijing, Osaka na Seoul vimefundisha Kiswahili kwa miongo mingi, na waalimu kutoka Afrika Mashariki wamepita huko. Lakini nafasi hizo ni adimu kama maziwa ya kuku, na hazitangazwi na broka wa stendi.

Unabaki mlango wa Thailand, ambao kwa mwalimu wa Kenya uko wazi kidogo. Ndiyo sababu wengi wa watu wetu wamekwenda huko, na ndiyo sababu tutakaa juu yake zaidi.

Makaratasi ya Thailand

Mwenye kufundisha kihalali anahitaji vitu vitatu ambavyo havibadilishani: viza ya kazi (wao huiita Non-Immigrant B), kibali cha kazi kutoka Wizara ya Kazi, na leseni ya ualimu au ruhusa ya muda kutoka baraza lao la waalimu, linaloitwa Khurusapha. Hilo ni kama TSC yao kwa upande wa kusajili. Kwa kuwa sisi hatuhesabiwi kama wenye Kiingereza cha kuzaliwa, kwa kawaida mwalimu wa Kenya hutakiwa kufanya mtihani wa Kiingereza wa TOEIC na kupata alama 600 kwenda juu. Waliosoma digrii ya ualimu yenyewe wana nafuu kuliko waliosoma biashara au mambo ya jamii, kwa sababu baraza hilo linataka mtu aliyesomea kufundisha. Hapo watoto wetu wa B.Ed. wana kitu mkononi, wasijidharau.

Viza ya utalii si viza ya kazi. Tunarudia: viza ya utalii si viza ya kazi, hata ajenti aseme "utabadilisha ukifika". Wapo waliobadilisha kweli, lakini ilibidi shule iwape barua zote na wengine wakatoka mpaka nchi jirani kutafuta viza nyingine kwa gharama yao. Anayeshikwa akifanya kazi bila kibali hutozwa faini ya baht 5,000 mpaka 50,000 na kurudishwa kwao. Kwa hesabu ya mwaka wa 2025, baht moja ilikuwa karibu shilingi 4. Piga hesabu mwenyewe.

Kutoka hapa Kenya, mtu abebe cheti cha tabia njema cha polisi, vyeti vya shule vilivyothibitishwa, na kitabu cha manjano cha chanjo ya homa ya manjano. Thailand inakidai kwa msafiri anayetoka Kenya, na tangu 2016 chanjo moja inatosha kwa maisha yote, kwa hiyo asidanganywe kwamba ya zamani imekwisha.

Jambo dogo ambalo limewachanganya wengi: mwaka wao. Thailand huhesabu miaka kwa kalenda ya Kibuddha, ambayo iko mbele ya yetu kwa miaka 543. Mkataba ukiandikwa 2568 maana yake ni 2025. Baba mmoja alituletea mkataba wa bintiye akiwa na hofu kwamba mtoto amefungwa kazi kwa zaidi ya miaka mia tano. Tulicheka pamoja, lakini ni vizuri aliuliza.

Siku moja ya mwalimu

Mwalimu mmoja wa kike wa upande huu wetu, aliyefundisha kaskazini mashariki mwa Thailand kwa miaka mitatu, alikubali tuandike aliyotuambia bila kutaja jina lake. Tumeongeza tuliyosikia kwa wengine.

Saa mbili asubuhi kamili nchi yote inasimama. Wimbo wa taifa unapigwa kwa vipaza sauti, shuleni bendera inapandishwa, watoto wamepanga mistari. Mwalimu wa Kenya hapo hana ugeni, ni paredi kama yetu. Ugeni unaanza kwenye salamu. Mtoto anaunganisha viganja mbele ya kifua au uso na kuinamisha kichwa. Salamu hiyo inaitwa wai. Mdogo ndiye anayeanza, mkubwa anajibu. Mwalimu wetu siku ya kwanza alimwanza mtoto wa chekechea, na waalimu wenzake wakaangua kicheko. Wao humwita mwalimu "khru", neno lililotoka kwenye "guru" ya Kihindi cha kale, na heshima yake ni kubwa. Kila mwaka, mara nyingi Alhamisi moja ya mwezi wa Juni, kuna siku ya kuwaheshimu waalimu ambapo watoto huwapigia magoti na kuwapa maua. "Nililia," alituambia. "Mimi hata kwetu sijawahi kupewa ua."

Viatu vinavuliwa mlangoni, mara nyingi hata darasani na ofisini. Afadhali kwenda na viatu visivyo na kamba, la sivyo siku nzima inaisha ukifunga na kufungua. Kichwa cha mtu ni sehemu ya heshima na mguu ni sehemu ya chini. Sisi tukimpongeza mtoto tunampapasa kichwani. Huko usifanye. Wala usisukume kiti kwa mguu au kunyoosha unyayo kumwelekea mtu, zaidi sana mtawa au sanamu ya Buddha.

Na kuna jambo la sheria ambalo si la mzaha hata kidogo: mfalme na jamaa yake hawasemwi vibaya. Kifungu cha 112 cha sheria zao za jinai kinaweka kifungo cha miaka 3 mpaka 15 kwa kila kosa, na kosa linaweza kuwa maneno machache uliyoandika kwenye simu. Sisi Wakenya tumezoea kuchambua wakubwa tukiwa kwenye matatu. Tabia hiyo iachwe uwanja wa ndege wa Nairobi.

Darasani kuna watoto 40 au 50 katika shule za serikali, kwa hiyo hakuna tofauti na kwetu. Tofauti ni kwamba mwalimu mgeni anatarajiwa kufurahisha. Nyimbo, michezo, picha, kuruka. Kiboko hakuna, kimepigwa marufuku (na hata kwetu kimekatazwa tangu 2001, ingawa wengine hujifanya hawakusikia). Waalimu wetu waliozoea kumaliza silabasi na kupigania alama wanapata taabu sana hapo. Wengi walitueleza kwamba mwanafunzi haachwi arudie darasa kirahisi. Akianguka mtihani anapewa mwingine mpaka apite. Mwalimu mmoja alikasirika akaandika sifuri tano, na mkuu wa somo akamwomba kwa upole sana azitazame tena. Huko watu hawapayuki. Ukiona mwenzako anatabasamu usidhani amekubali, na ukipandisha sauti wewe ndiye uliyeaibika.

Chakula ni wali. Asubuhi wali, mchana wali, jioni wali, na kaskazini mashariki ni ule wa kunata unaofinyangwa kwa vidole. Saladi ya papai bichi ina pilipili ya kutoa machozi na mchuzi wa samaki wenye harufu kali. Mahindi ya kuchemsha yako barabarani, lakini ni matamu kama miwa, si yale ya kutafuna polepole. Ugali hakuna. Mwalimu wetu alisema alimkumbuka mukimo zaidi ya alivyowakumbuka baadhi ya jamaa zake, na tumeamua kutouliza ni jamaa gani. Lakini alitupa jambo moja zuri: watu wa huko mara nyingi wanakusalimia kwa kukuuliza kama umekula wali. Basi mama yake akipiga simu na kusema, "Mwanangu, umekula?" anamjibu kwa Kithai kwa mazoea.

Tena saa zao! Kuanzia saa moja ya jioni mpaka saa tano usiku, hesabu yao ya kienyeji ni sawa na ya Kiswahili. Wakati Mwingereza anasema saba, Mthai anasema moja ya usiku, kama sisi. Yeye alijifunza hesabu hiyo kwa siku moja, waalimu wa Kizungu wakamshangaa. Ila kumbuka wako mbele yetu kwa saa nne. Ukimpigia saa mbili usiku baada ya chakula, kwake ni saa sita ya usiku wa manane, na kesho ana paredi.

Wakatoliki wa huko ni wachache mno, chini ya mtu mmoja kwa kila mia. Bangkok kuna Misa za Kiingereza katika kanisa la Holy Redeemer, lakini aliye mikoani huweza kukaa miezi bila kuona kanisa. Tunalitaja kwa sababu wazazi wengi huuliza, na kwa sababu mtu aliyezoea jumuiya, chama cha akina mama na kwaya, akikaa peke yake chumbani kila Jumapili huanza kufifia. Waliostahimili walitafuta watu: Wafilipino ambao ni waalimu wengi huko na wengi wao ni Wakatoliki, au Waafrika wengine, hata kwa safari ya basi mara moja kwa mwezi.

Kuhusu rangi, hatutaficha. Kuna watoto watakaotaka kugusa nywele, hiyo ni udadisi na inaisha. Kuna wazazi wanaolipa karo wakitaka kuona Mzungu mbele ya darasa, hiyo haiishi. Mshahara mara nyingi hupangwa kwa pasipoti: Mwingereza asiye na cheti cha ualimu anaweza kulipwa zaidi ya Mkenya au Mfilipino mwenye digrii ya ualimu, katika shule moja, korido moja. Matangazo mengine huandika wazi ni uraia gani wanaoutaka. Anayekwenda ajue hilo kabla, maana likimkuta bila kujua linamvunja moyo kuliko pilipili.

Homa ya huko si malaria tu. Kuna dengue, inayoletwa na mbu anayeuma mchana. Mwenye homa kali na maumivu nyuma ya macho asijinunulie aspirini au ibuprofeni, zinaweza kuongeza kutoka damu. Aende hospitali apimwe. Mwenye kibali cha kazi mara nyingi huingizwa katika mfuko wao wa jamii kwa kukatwa asilimia 5 ya mshahara mpaka kiwango fulani, na mfuko huo humlipia matibabu. Asiye na kibali analipa mwenyewe. Hapo tena unaona karatasi ni afya.

Pesa inayofika nyumbani

Wazazi, hapa tunawaomba msikilize. Mwaka wa shule Thailand huanza katikati ya Mei na kuisha Machi, na mikataba mingine, hasa ya kupitia ajenti, ni ya miezi 10 au 11. Maana yake Aprili, wakati nchi inasherehekea mwaka mpya wao kwa kumwagiana maji kuanzia tarehe 13, mwalimu wetu anaweza kuwa hana mshahara. Kodi ya nyumba haijui likizo. Kila siku 90 lazima aripoti kwa idara ya uhamiaji mahali anapokaa, na akitaka kuja nyumbani kwa mazishi lazima achukue kibali cha kurudi kabla ya kutoka, la sivyo viza yake inakufa uwanjani.

Kwa hiyo mwaka wa kwanza kwa kawaida ni wa kulipa madeni. Familia ikianza kutuma orodha mwezi wa pili (karo ya fulani, mabati, harambee ya binamu), kijana atakopa huko, au ataacha kupokea simu. Tumeona familia ambayo ilidhani mtoto ameharibika na wanawake wa huko, kumbe alikuwa anaona haya kusema mfuko ni mtupu. Kaeni chini naye kabla hajaondoka, muandike: miezi sita ya kwanza hatutumwi kitu.

Mtego

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike somo hili.

Tangu 2022 Wizara yetu ya Mambo ya Nje imekuwa ikitoa onyo juu ya kazi za uongo za Thailand. Namna yake ni hii. Tangazo linasema kazi ya kufundisha Kiingereza, au ya kuhudumia wateja kwa simu, mshahara mzuri, nyumba na chakula bure. Mahojiano ni ya dakika kumi kwenye simu. Hakuna anayeomba cheti cha digrii. Tikiti inaletwa haraka. Kijana anashuka Bangkok, anachukuliwa na gari, na safari inaanza. Bangkok mpaka mji wa mpakani wa Mae Sot ni karibu kilomita 500, yaani kama Nairobi mpaka Mombasa. Hapo wanavushwa mto Moei, mara nyingi usiku, wanaingia Myawaddy katika nchi ya Myanmar, ambako kuna vita na vikundi vyenye silaha. Pasipoti inachukuliwa. Shule hakuna. Kuna jengo lenye ukuta na walinzi, na kompyuta ya kutapeli watu wa nchi nyingine kwa mapenzi ya uongo na biashara ya pesa za mtandao, saa nyingi kwa siku. Asiyefikisha kiwango hupigwa. Anayetaka kutoka anaambiwa nyumbani wakomboe kwa dola.

Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria Agosti 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 huenda wanashikiliwa hivyo Myanmar, na karibu 100,000 Kambodia. Februari 2025 Thailand ilikata umeme uliokuwa ukienda Myawaddy, na maelfu ya watu wakatolewa katika majengo hayo, Wakenya wakiwemo, wakakaa mpakani wiki nyingi wakingoja kurudishwa kwao. Wengi wao ni watu wenye digrii. Elimu haikuwakinga, kwa sababu tangazo lilitengenezwa kwa ajili ya mwenye elimu asiye na kazi.

Sheria yetu ya mwaka 2010 ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu inaweka adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Lakini broka aliyemtuma kijana mara nyingi ni mtu wa kwetu, anayejulikana, amesoma na mjomba, na familia inaona aibu kumshtaki. Tunawaomba wenye aibu hiyo wafikirie yule kijana wa pili ambaye broka huyo anaongea naye sasa hivi.

Namna ya kupima kazi

Waulizeni maswali ya kawaida. Shule inaitwaje, iko mkoa gani, simu ya ofisi yake ni ipi? Pigeni wenyewe namba ya shule mliyoitafuta, si ile aliyowapa broka. Shule ya kweli huomba digrii, cheti cha polisi na barua za waajiri wa zamani. Isiyoomba chochote haitafuti mwalimu. Ajenti wa hapa Kenya lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira, na orodha yake inaonekana kwa mtandao, kijana yeyote wa saiba atawasomea. Mkataba uwe mkononi kabla ya pesa kutoka, na usipokuwa kwa lugha mnayoisoma, letini ofisini tuutafutie mtu.

Akifika, atume picha ya lango la shule na ramani ya alipo. Akiona gari linapita mji walioambiwa na linaendelea kuelekea mpakani, ashuke kwenye kituo chochote cha mafuta penye watu, aombe polisi. Namba ya ubalozi wa Kenya ulioko Bangkok aiweke kichwani, si kwenye simu tu, kwa maana simu ndiyo ya kwanza kunyang'anywa. Mkubaliane pia neno moja la siri la nyumbani. Akilisema kwenye simu hata akicheka, mjue yuko matatani.

Anayerudi kutoka huko Myanmar asipokelewe kwa kuulizwa pesa ziko wapi. Wengine hawalali, wengine wanashtuka mlango ukigongwa. Kuna shirika la HAART hapa Kenya, ambalo tangu 2010 linawasaidia waliopitia mambo haya, na masista wa mtandao wa Talitha Kum wanafanya kazi hiyo hiyo katika nchi nyingi. Kila tarehe 8 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Josephine Bakhita, binti wa Sudan aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, kanisa huwaombea watu hawa. Jumuiya zikitaka, siku hiyo inafaa kusomea somo hili pamoja.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

Ni nani katika kijiji chetu aliyekwenda kufundisha au kufanya kazi Asia, na mara ya mwisho nani alisikia sauti yake?

Familia ikiuza shamba kwa ajili ya safari ya mtoto mmoja, wale wengine wameulizwa?

Waalimu wageni waliokuja kwetu zamani tuliwatendea vipi? Ni yapi kati ya hayo tungependa mtoto wetu atendewe, na ni yapi tusingependa?

Kikundi chetu kina mtu gani anayeweza kusoma mkataba wa Kiingereza na kuwaeleza wazazi bila kudai chai?